Ukuta wa Magharibi Usiguswe

Mama Taaka, ambaye amekuwa akiuza katika duka letu la makumbusho tangu enzi lilipokuwa meza moja na turubai, anasema mtu akitoka kazini kwa miguu yake mwenyewe, hakufukuzwa wala hakufa, huyo amestaafu. Kwa kipimo hicho nimestaafu. Nina miaka thelathini na moja. Wenzangu walinikatia keki, wakaniketisha kwenye kiti cha mgeni wa heshima, na kila aliyesimama kuzungumza alinitakia afya njema uzeeni.

Ninyi mnaobaki na funguo mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ya Boma ilivyokuwa ikifanywa. Nimeandika na kuchana, nikaandika tena na kuchana tena. Mnanijua. Mimi ndiye niliyewahi kufika nyumbani Busia, nikavua viatu, nikakumbuka kwamba kibao cha maelezo cha mkuki wa pili huenda kimeinama, nikapanda boda na kurudi mpaka Boma. Kilikuwa sawa kabisa. Hilo lilinisumbua zaidi kuliko kama kingekuwa kimeinama.

Kwa atakayesoma haya bila kuwahi kufika: Boma liko juu ya kilima kidogo kando ya njia ya vumbi kati ya Busia na Tororo. Wakoloni wa mwanzo walijenga pale ngome ya kuweka askari na, tukisema ule ukweli ambao wageni hawaupendi, ya kufungia ng'ombe waliochukuliwa kwa wenyeji kuwa kodi. Askari walipoondoka mapaa yalianguka, na mawe mengi yakaenda kuwa misingi ya nyumba za watu. Muda mrefu baadaye wazee wa eneo walilijenga upya: ukuta wa mawe wa kuzunguka, ua mpana katikati, na vyumba vitatu vya udongo. Kimoja ni makumbusho, cha pili ni duka, cha tatu tunakiita chumba cha kamanda.

Mimi nilifika kama mgeni. Nilikuwa nimemaliza sekondari, wa kunilipia chuo hayupo, na nilikuwa nikijisomea chochote kilichonipitia mkononi, hata gazeti lililofungia maandazi. Nililipa kiingilio, nikaingia chumba cha makumbusho, nikaona kibao cha ngao kimekaa upande. Nikatazama kulia na kushoto, nikakinyoosha. Halafu nikaona cha ngoma. Nilikuwa kwenye cha tatu niliposikia sauti nyuma yangu.

"Ukimaliza hivyo, binti, kuna vingine dukani."

Alikuwa Mzee Okumu, mtunza Boma, Msamia kama mimi, amesimama na ufagio kama mtu aliyeshika fimbo ya cheo. Siku chache baadaye nilikuwa nimevaa fulana ya Boma. Sikuwahi kufanyiwa usaili. Mpaka leo huota nikifanyiwa.

Mzee Okumu alinifundisha kazi kwa sentensi fupi, huku akitembea. Mwagia ua maji kabla ya kufagia, la sivyo vumbi unalolitoa nje utalikuta juu ya mikuki. Wanafunzi waonyeshe choo kwanza, historia baadaye. Mgeni akiuliza mafuvu yako wapi, usimwambie hakuna, maana atadhani umeyaficha. Mwambie hayajawahi kuletwa hapa, ataondoka na heshima zake. Mchungaji akitaka kukemea mapepo ya askari, mruhusu, lakini afanye kabla ya chakula cha mchana.

Mwisho alinipeleka chumba cha kamanda. Akasimama mbali na ukuta wa magharibi, akapunguza sauti.

"Huu usiguswe."

"Na wageni?"

"Na mtu yeyote. Hata wewe."

Akatoka haraka, kama mtu aliyetoka chumba cha maiti. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu viwili vya mambo ya kale na kutazama video nyingi sana kwenye simu, kwa hiyo nilielewa papo hapo. Kuta nyingine tatu zilikuwa laini na zimenyooka. Huu ulikuwa na nyufa, umepinda kidogo tumboni, na rangi yake ilikuwa imefifia. Kila kitu kingine pale Boma kilikuwa kimejengwa upya. Huu ndio ulikuwa umebaki.

Nikafunga kamba mbele yake. Nikaandika kibao: "Ukuta wa asili wa ngome. Usiguswe." Mzee Okumu alikisoma, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Umeandika vizuri." Muda si mrefu yeye akastaafu kwa njia ya kawaida, yaani akiwa mzee, na Boma likaniangukia mimi.

Kuhusu vifaa sitawachosha. Rula ya chuma ya kupimia vibao mnayo, brashi laini ya mikuki mnayo. Mswaki ulio kwenye kikombe cha bati ulikuwa wa nyufa za ukuta wa magharibi. Ndiyo, nilikuwa nikizipiga mswaki. Buibui walikuwa wakijenga ndani yake, na mimi niliona buibui wa mwaka huu hana haki ya kuishi ndani ya ufa wa wakati ule.

Dukani nilishindwa mapema. Siku zangu za kwanza nilipanga viminyororo vya funguo kwa rangi, mirija ya kunywea malwa, ile pombe ya ulezi, kwa urefu, na vyungu kwa ukubwa. Mama Taaka alitazama, akasubiri nitoke, akavichanganya vyote.

"Mama, nilikuwa nimepanga."

"Nimeona. Imekuwa kama kanisani. Mtu ataingia, atavua kofia, atatoka."

Alikuwa na bidhaa moja iliyoninyima usingizi: vingome vidogo vya udongo, vyenye mnara na bendera. Boma halijawahi kuwa na mnara. Vilinunuliwa kuliko kitu kingine chochote, na wageni waliovuka mpaka kutoka Kenya walikuwa wakizunguka ua na kingome mkononi wakitafuta mnara uko upande gani. Nilimsihi Mama Taaka aviondoe. Alisema ataviondoa siku nitakayojenga mnara.

Sasa nije kwa Mama Nyaketcho, kwa sababu bila yeye ningekuwa bado niko kazini.

Kuta za udongo zikinyeshewa hutaka kukandikwa upya. Kazi hiyo walikuwa wakiifanya yeye na wanawake wenzake wawili kutoka upande wa Iyolwa. Boma halikuwa na ng'ombe hata mmoja, kwa hiyo mavi ya ng'ombe ya kuchanganya na udongo waliyapandisha kilimani kwa ndoo, vichwani, kutoka nyumbani kwao. Walikandika kwa viganja, kwa mizunguko mipana inayokutana kama magamba ya samaki, na ukuta ukikauka ungeweza kujua ni mkono wa nani ulipita wapi. Kila mara, wakimaliza kuta tatu za chumba cha kamanda, Mama Nyaketcho alisimama kwenye kamba yangu na kuutazama ule wa nne.

"Rula," alisema, maana hilo ndilo jina walilonipa, "hii ukuta iko na nyufa kama kisigino ya mwanaume ya shamba."

"Hizo nyufa ni historia, mama."

"Kwangu tunaita uvivu."

"Usiguswe, mama. Tafadhali."

"Mimi siguse. Nasema tu. Watu wa Iyolwa nakuja hapa, naona hii, nauliza nani anakandikaga hii nyumba. Naambiwa ni Nyaketcho."

Sikuyapa uzito maneno hayo. Nilidhani tunafanya mzaha. Kumbe kila mgeni aliyepita mbele ya ukuta ule alikuwa akimwaibisha mtu, na mtu huyo hakuwa kamanda.

Mwaka wangu wa mwisho sabukaunti, yaani serikali ya eneo letu, ilitangaza kwamba inatafuta uwanja wa mnada wa ng'ombe. Walitaka mahali penye ua mpana uliozungushiwa ukuta, lango moja na njia ya lori. Walizunguka kote, wakarudi kututazama sisi. Tulibakiwa na tumaini moja. Wakaguzi wa mambo ya kale wangekuja kutoka Kampala, na wakikuta kwamba Boma lina kitu cha kale kilichosimama, lingepewa ulinzi na ng'ombe wangetafutiwa kwingine. Kitu hicho kilikuwa kimoja tu. Ukuta wa magharibi ukikubaliwa, tunabaki. Ukikataliwa, ng'ombe wanaingia, na mimi sina ninachojua kufanya duniani isipokuwa kazi ile.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilipiga mswaki nyufa zote. Nilijifunza maelezo yangu mbele ya kioo mpaka mama mzazi akaniuliza nazungumza na nani. Na siku moja kabla ya ugeni, kwa ule wasiwasi wangu wa kutaka kila mtu ajue kila kitu, nilimwambia Mama Nyaketcho kwamba kesho tuna wageni wakubwa kutoka Kampala.

"Nakuja kuona nini?"

"Ukuta wa magharibi."

Akaweka ndoo chini. "Ile?"

"Ule ule, mama. Wanakuja kwa ajili yake peke yake."

Alinitazama kama ninavyotazama kibao kilichoinama. Akasema sawa.

Asubuhi nilipofika langoni, harufu ilinipokea kabla ya mlinzi. Nilikimbia. Kamba yangu ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa pembeni. Ukuta wa magharibi ulikuwa laini, mweusi, unang'aa kwa maji, umejaa mizunguko mizuri kuliko yote niliyowahi kuiona mahali popote. Hapakuwa na ufa. Mama Nyaketcho alikuwa ananawa mikono kwenye karai, na wenzake wawili wanafagia.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekuokoa."

"Nilisema usiguswe."

"Ulisema pia wageni nakuja. Mgeni nakuja, wewe nampeleka kwa chumba yenye nyufa? Wewe nakaa na sisi miaka yote, hukujifunza kitu?" Kisha, kwa upole, kama anayemsamehe mtoto: "Usiogope. Hakuna mtu atajua ilikuwa mbaya."

Nilikaa chini sakafuni. Nilifikiria maji na sponji, nikafikiria kuugua. Nilikuwa bado nafikiria, honi ikalia nje.

Walikuwa wawili, mama mmoja mtulivu mwenye miwani, tuliyemwita Madam, na kijana wa kupiga picha. Nilianza maelezo yangu, lakini Madam alikuwa ameshaingia chumba cha kamanda. Akaweka kiganja ukutani. Alipokiondoa kilikuwa cheusi. Alama ya mkono wake ilibaki pale, vidole vyote.

"Ukuta huu una umri gani?" akauliza.

"Saa mbili," alisema Mama Taaka kutoka mlangoni.

Nikaeleza. Nilisema ukuta wenyewe uko chini, kwamba wamama walikandika kwa heshima ya ugeni, kwamba nyufa zilikuwepo na ninazo picha zake nyingi, na mswaki pia ninao. Madam alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa mwiko mdogo mfukoni, akaniuliza kama anaweza kubandua kipande ili aone cha ndani. Nikakubali. Niliona hilo ndilo litakalotuokoa.

Udongo mpya ulikuwa umelowesha ule wa zamani. Mwiko uliingia kidogo tu, na kipande kikubwa kama mkate kikatoka chote, cha juu na cha ndani pamoja, kikapasuka chini. Wote waliinamia shimo. Mimi peke yangu niliona kilichotoka ndani ya donge. Kilibingirika juu ya sakafu, kikazunguka, kikalala karibu na ndala yangu. Kilikuwa kizibo cha plastiki cha buluu, cha chupa ya maji.

Nikaweka mguu juu yake.

Naandika haya ili mjue jinsi mtu anavyoweza kufikiri haraka. Nilijua yote kwa mara moja. Nilijua ukuta si wa asili, na kwamba kila mgeni niliyemweleza kwa sauti ya chini nilikuwa nikimweleza ukuta uliojengwa na watu wanaokunywa maji ya chupa. Nilijua pia kwamba hakuna mwingine aliyeona. Kijana anapiga picha za shimo. Madam anasema udongo unaonekana mzuri, umeshikana, unaweza kuwa wa zamani kweli. Nyuma yake Mama Taaka alikuwa amefumba macho akiomba. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama tu, na mimi ni hodari wa kusimama.

Lakini mimi ni mtu aliyerudi kwa boda kwa sababu ya kibao kilichokuwa sawa. Ningerudi kwa ajili ya kizibo hiki kila siku ya maisha yangu. Nikainua mguu, nikainama, nikakiokota, nikampa.

Madam alikigeuzageuza. Ubavuni kilikuwa na tarehe ya kuisha muda, kwa herufi ndogo.

"Askari wa ngome walikuwa wakinywa maji ya chupa?"

"Sidhani, Madam."

"Na mimi sidhani."

Mama Nyaketcho alikuwa akilitazama shimo. "Mmeharibu," alisema. "Nilikuwa nimemaliza."

Madam alinirudishia kizibo akiwa garini, akaniambia kwa sauti ya huruma kwamba hawataweza kutuandika kwenye orodha ya mahali pa kulindwa. Gari lilipoondoka, Mama Taaka alikuja akasimama kando yangu.

"Niliona ukiweka mguu," alisema.

"Si ulikuwa unaomba?"

"Niliomba na jicho moja. Sasa kwa nini ukautoa?"

"Kilikuwa kinanichoma."

"Ndala zako ni nene, Nabwire." Alienda kuhesabu vyungu ambavyo hakuna aliyenunua.

Jumapili nilimfuata Mzee Okumu kwake, nyuma ya soko la Busia. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda akimenya karanga. Nilimwekea kizibo mkononi, nikamweleza kimetoka wapi. Alikitambua, kama mtu anavyotambua kifungo cha shati lake.

"Siku ile mvua ilikuwa imetanda," alisema, "na paa linangoja. Tulijaza kila kilichokuwa chini. Huu ukuta ni mimi na vijana wawili. Haukukauka vizuri."

"Mzee, uliniambia usiguswe."

"Nikuambie uguswe? Ulikuwa unataka kuanguka. Niliogopa utamlalia mtoto wa shule."

"Mimi nilidhani ni wa asili."

"Nani alikuambia?"

"Wewe ulisema usiguswe."

"Jiko la moto pia haliguswi. Ni la asili?"

Nikamkumbusha kibao changu. Nilimkumbusha kwamba alikisoma, akatikisa kichwa, akasema nimeandika vizuri. Alimenya karanga kadhaa kabla ya kujibu.

"Herufi zilikuwa zimenyooka sana," alisema. "Na ulikuwa umefunga kamba. Kamba ndiyo niliyokuwa naitaka. Nikaona, kama historia inafanya watu wakae mbali na ukuta, basi na iwe historia."

Kisha akanigawia karanga. Nilizila. Sikujua nifanye nini kingine.

Mnada ulianza msimu huohuo. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya mlango wa makumbusho na rula yangu, kama askari wa mwisho, nikingoja kuona Boma likiharibiwa. Ng'ombe waliingia kwa lango moja, wakajaa ua. Wenye ng'ombe walisimama nje ya ukuta wakilalamika. Mtu wa serikali alikaa kivulini akipokea ushuru, na alikuwa mkali. Nilitazama kwa muda mrefu, halafu nikageuka kusoma kibao changu cha kuingilia, kile kinachoeleza Boma lilikuwa la nini. Kila neno lilikuwa likitendeka nyuma yangu, likitoa na harufu. Mimi nilikuwa nimehangaika miaka tisa na mswaki kulirudisha Boma lilivyokuwa. Ng'ombe walimaliza kazi hiyo kabla ya saa sita mchana.

Dukani mambo yalikwenda vilevile. Mirija ya malwa, ambayo wageni walikuwa wakiinunua kutundika ukutani, sasa ilinunuliwa na wachuuzi wa ng'ombe waliokaa kuzunguka chungu nje ya lango, wakainywea. Mama Taaka aliagiza mingine. Vingome vyenye mnara bado vinanunuliwa, na kuna mchuuzi wa Nagongera aliyemwuliza mnara ulivunjwa na nani. Mama Taaka alimwonyesha ng'ombe.

Na Mama Nyaketcho, siku ile ya kwanza, alikuja mikono mitupu. Alipita katikati ya ng'ombe na ndoo aliyoichukua palepale, akaijaza mavi bila kuvuka lango.

"Rula, leo sijapanda kilima na kitu kwa kichwa," alisema. "Hii ndiyo Boma."

Wageni wa kuongozwa wakawa wachache, na ng'ombe hawahitaji maelezo. Nikaomba kuondoka kabla sijaanza kuwapanga kwa rangi. Ninafungua kibanda cha kuandika mabango hapo Busia, upande wa Kenya. Watu wenye maduka wanataka herufi zilizonyooka, na hawaniulizi kama zinachosema ni kweli.

Siku yangu ya mwisho Mama Nyaketcho alinivuta mpaka chumba cha kamanda. Shimo lilikuwa bado wazi. Alikataa kuliziba.

"Wewe ulikubali ifunguliwe. Wewe funga."

Nikachota udongo. Ulikuwa wa vuguvugu. Nikapaka, nikapima kwa jicho, nikaona umetokeza, nikaukwangua, ukabonyea. Nikatoa rula mfukoni. Mama Nyaketcho akaichukua mkononi mwangu, akaitumia kukoroga ndoo, akaniambia niendelee. Nilipomaliza, kiraka changu kilikuwa kimekaa katikati ya magamba yake mazuri kama kidonda. Alikitazama kwa muda.

"Ni mbaya," alisema. "Lakini inashika."

Kizibo nilimwachia Mama Taaka. Amekiweka kwenye kabati la kioo, kati ya ngao na mkuki wa pili, na hakunipa nafasi ya kukataa kukiandikia kibao. Nilikiandika mara moja tu, bila rula, maana rula ilikuwa ndani ya ndoo. Ndicho kitu pekee katika makumbusho yetu ambacho tarehe yake ninaijua kwa hakika, kwa hiyo nimeiandika yote.

Kibao hicho kimeinama upande wa kushoto. Kisiguswe.